Sasa Mizani Iko Mkononi Mwetu

Maneno ya masonara wa chama kwenye mkutano wa wanachama, Baraka



Komite ilituomba sisi masonara wa chama, watu sita, tuje kueleza mambo mawili. La kwanza: zile pesa mlizotukopesha kutoka sanduku letu zilifanya nini. La pili, na njo lenye lilileta maneno mengi sokoni: ile pete ya ndoa. Tutaanza na pete, juu tukianza na pesa mtasema tunaficha.

Binti mmoja wa kwetu, mwenye alizaliwa kambini ng'ambo ya ziwa na kurudi akiwa mdogo, aliolewa. Bwana wake alinunua pete kwenye meza yetu. Tulimwambia ni dhahabu ya 18, uzito gramu 5. Alilipa yote, hakubakisha deni. Kiisha mtoto wao akagonjwa, wakampeleka Bujumbura. Pesa ilipoisha, mama akavua pete. Sonara wa kule akaisugua kwenye jiwe, akatonesha asidi, akamwambia: « Mama, hii haifiki kumi na nane. Hata kumi na nne haifiki. » Hakuiacha kwa bei yenye alipewa. Aliuzisha simu yake na vitenge viwili, mtoto akatibiwa, wakarudi.

Hakwenda kushitaki. Alikuja kwenye meza yetu siku ya soko, mbele ya watu, akaweka pete na kuuliza: « Muliniuzisha zahabu ao muliniuzisha shaba? »

Hatukuwa na jibu. Mmoja wetu alitaka kusema kwamba sonara wa Bujumbura alikuwa anataka kumuibia. Labda tungesema vile na watu wengine wangeamini. Lakini tuliomba asidi kwa fundi wa Uvira, tukasugua pete ileile sisi wenyewe. Asidi ya 14 ilikula alama yote. Yule mama alisema kweli.

Iliingiaje? Tulikuwa tumenunua mkufu wa zamani kwa mtu mpita njia. Ulikuwa na muhuri wa 750. Tuliamini muhuri, tukauyeyusha pamoja na dhahabu nyingine. Mkufu ulikuwa umepakwa dhahabu juu tu, ndani ni shaba. Hatukumuibia mama yule kwa makusudi, lakini yeye pesa yake ilipotea sawasawa na ya mtu aliyeibiwa. Tulimrudishia pete nyingine yenye tumepima mbele yake. Simu yake na vitenge havikurudi.

Sasa wazee, mtuvumilie kidogo. Wenye mlivuka ziwa mwaka 1996 mnakumbuka vile ilikuwa. Mtu alikimbia na mtoto mgongoni na hereni masikioni. Pale majini kulikuwa na wanunuzi. Mwenye bahati alikuta mizani ndogo ya sahani mbili, upande mmoja hereni, upande mwingine vijiti vya kiberiti na sarafu ya zamani. Mwenye hakuwa na bahati, walimpimia na kiganja cha mkono. « Hii ni nyepesi, mama, chukua unga na mafuta, panda mtumbwi. » Hereni za mama zetu wengi zilibaki pale. Zilikuwa gramu ngapi? Hatujui mpaka leo.

Njo maana tunasema jambo moja tu katika maneno haya yote. Mtu hanunui dhahabu kwa siku ya harusi peke yake. Ananunua kwa siku mbaya. Dhahabu ni benki yenye unaweza kushonea ndani ya pindo la kitenge. Na siku mbaya ikifika, mtu hana nafasi ya kubishana. Kama sonara alidanganya siku ya harusi, uongo wake unaonekana siku ile mtoto yuko hospitali. Zamani mizani ilikuwa mkononi mwa wengine. Leo iko mkononi mwetu. Basi tuishike namna gani?

Tuliketi siku tatu, sisi sita, tukaandika kanuni zetu. Tunazisoma hapa ili kila mwanachama aweze kutuuliza.

Kanuni ya kwanza ni mizani. Tulinunua mizani ya batri yenye inasoma mpaka sehemu moja ya mia ya gramu, pamoja na jiwe lake la kuhakikisha. Kila asubuhi tunaweka lile jiwe kwanza. Kama haisomi sawa, hatufungui meza. Mizani inawekwa upande wa mteja, namba zikimwangalia yeye. Inafunikwa na kisanduku cha kioo, juu upepo wa ziwa unasukuma sahani. Tunapima kwa gramu. Tunajua wengi huku wamezoea tola. Sawa, tola moja ni gramu 11.66, na tumeandika kwenye ukuta. Lakini vijiti vya kiberiti, hapana tena. Kijiti kikinyeshewa na mvua uzito wake unabadilika, na mwenye vijiti njo anajua vyake ni vipi.

Kanuni ya pili ni kusema ukweli juu ya ubora. Hapa wengi wanasikia « kumi na nane » na hawajui ni nini. Dhahabu safi kabisa inahesabiwa sehemu 24. Ni laini, pete yake inapinda, kwa hiyo fundi anachanganya na shaba ao na fedha, ile metali nyeupe. Dhahabu ya 18 maana yake sehemu 18 kati ya 24 ni dhahabu, ni kusema 750 kati ya 1000. Ya 14 ni 585, ya 9 ni 375. Kuuzisha dhahabu ya 9 haiko dhambi. Ni pete nzuri kwa mwenye pesa kidogo. Dhambi ni kuiita 18.

Muangalie hesabu ya pete yetu. Pete ya gramu 5 ikiwa ya 18, ndani kuna gramu 3.75 za dhahabu. Ikiwa ya 12, ndani kuna gramu 2.50. Yule binti alilipia gramu moja na robo yenye haikukuwapo. Kwa macho huwezi kuona. Inang'aa vilevile.

Vilevile mapambo ya kupakwa, yale tunaita plake, yenye yanakuja kwenye masanduku kutoka mbali. Tutaendelea kuyauzisha, vijana wanayapenda. Lakini yatakaa kwenye sahani yake peke yake, na karatasi juu yake: HII HAIKO DHAHABU.

Kanuni ya tatu ni kupima kabla ya kuamini. Tulijifunza njia mbili. Ya kwanza ni jiwe jeusi na asidi. Unasugua pete kwenye jiwe, unatonesha asidi ya 14 ao ya 18 juu ya alama. Alama ikibaki, ubora unafika pale. Ikiyeyuka, haifiki. Lakini kwa kitu chenye kimepakwa, kusugua juu hakutoshi. Lazima kuchimba kidogo na tupa mahali pasipoonekana, kwa ruhusa ya mwenyewe, ndipo unasugua. Kwa mkufu ule hatukufanya vile.

Njia ya pili ni maji, na hii hata mwalimu wa shule anaweza kuwaonyesha watoto. Unapima kitu kikiwa kikavu. Kiisha unaweka glasi ya maji juu ya mizani na kurudisha namba kwenye sifuri. Unafunga kitu kwa uzi mwembamba, unakitumbukiza ndani ya maji bila kugusa chini wala pembeni. Namba yenye inatoka ni nafasi yenye kile kitu kinachukua majini. Gramu 10 za dhahabu safi zinaonyesha karibu 0.52. Dhahabu ya 18 inaonyesha karibu 0.65, kidogo juu ao kidogo chini kulingana na mchanganyiko. Shaba ya manjano inaonyesha karibu 1.18. Tofauti ni kubwa, haihitaji asidi. Njia hii inadanganya kama kitu kiko na jiwe, ao kiko wazi ndani. Pia kuna metali inaitwa tangisteni yenye uzito karibu sawa na dhahabu, wajanja wanaificha ndani. Kwa hiyo kitu kikubwa tunatumia njia zote mbili.

Kanuni ya nne ni daftari na risiti. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kila pete yenye inatoka inaandikwa: tarehe, jina la mteja, uzito, ubora, bei ya dhahabu siku ile, na bei ya mkono wa fundi. Tunatenga hivi viwili, ili mtu ajue analipia nini. Mfano tu, tuseme gramu ya dhahabu safi ni dola 60. Pete ya gramu 5 ya 18 iko na gramu 3.75, ni dola 225. Ufundi tuseme dola 20. Jumla ni 245. Siku mteja akirudi kuuzisha, anajua kwamba zile 20 za ufundi hazirudi, lakini dhahabu yake iko pale. Zamani tulikuwa tunataja bei moja tu, na mtu hakujua amelipa nini.

Kwa kazi ya kutengeneza, yaani kulehemu mkufu uliokatika ao kupunguza pete, tunapima mbele ya mwenyewe kabla na baada. Vumbi la tupa ni la mteja. Tunajua masonara wengi wanaliweka kwao, wanafagia chini ya meza jioni na mwisho wa mwaka wanapata pete nzima. Sisi pia tulifanya. Tumeacha. Tunafanyia kazi juu ya kitambaa cheupe, na chenye kimebaki tunamfungia kwenye karatasi.

Kanuni ya tano ni kuuliza kitu kinatoka wapi. Hapa iko sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni mapambo ya zamani. Mtu akileta hereni kuuzisha, tunaandika karte yake ya uchaguzi, na hatuyeyushi kabla ya siku tatu. Zinawekwa kwenye bahasha na jina. Kama kuna mama ameibiwa, siku tatu zinatosha habari kufika sokoni. Kitu kikishayeyushwa, hata mwenyewe hawezi kukitambua. Mtu akikataa kuandikwa, hatununui, hata bei iwe ya chini namna gani. Bei ya chini sana ni ya kuogopa.

Sehemu ya pili ni dhahabu ya mchanga, yenye inatoka mashimoni, Misisi na kwingineko ndani ya Fizi yetu. Hapa tuseme wazi, juu ndugu zetu wengi wanaishi kwa kazi hiyo. Sheria ya madini ya 2002, yenye ilirekebishwa 2018, inataka mchimbaji awe na karte yake na mnunuzi awe na karte yake ya biashara. Sisi kwenye meza ya sokoni hatuna karte ya kununua dhahabu ya mchanga, basi hatutainunua kwa mlango wa nyuma. Tutachukua kwa mfanyabiashara mwenye karte na karatasi. Hatuchukui kwa mtu mwenye bunduki, wala kwa mjumbe wake. Hatuchukui kwa mtoto. Tunajua kuna dhahabu yenye ilitozwa kodi barabarani na watu wenye silaha, na kodi ile inarudi kijijini sawa risasi. Sisi tulikimbia risasi hizo. Hatuwezi kuzilipia na mikono yetu.

Tena kuna zebaki, ile metali ya majimaji yenye wachimbaji wanakamatia dhahabu. Dhahabu ya mchanga mara nyingi inakuja na zebaki imebaki ndani. Ukiiweka motoni, zebaki inageuka moshi, haina harufu, inaingia kichwani na kwenye figo, inamfikia na mtoto tumboni. Kule Minamata, Japani, katika miaka ya 1950, watu walipooza na watoto walizaliwa vilema juu kiwanda kilimwaga zebaki kwenye ghuba na wao walikula samaki wake. Mkataba wa mataifa juu ya zebaki wa 2013 unaitwa kwa jina la mji ule. Sisi pia ni watu wa samaki, tunakula ndagala na mikeke kila siku. Kwa hiyo hatuyeyushi kitu chenye kiko na zebaki, na kazi yote ya moto tumeitoa ndani ya nyumba. Inafanyika kwenye kibanda wazi, mbali na jiko la chakula. Wanafunzi wetu hawashiki asidi bila glavu.

Wengine mtauliza: kanuni hizi mmezitoa wapi? Haziko zetu peke yetu. Marekani masonara wa maduka wako na chama chao tangu 1906. London kuna baraza la vito lenye lilianzishwa 2005, na duka likitaka kukubaliwa lazima likaguliwe: linanunua kwa nani, linalipa wafanyakazi namna gani, linasema nini kwa mteja. Nchi za maziwa makuu zilikutana Lusaka mwezi wa 12, 2010, zikakubaliana kufuata madini yetu kwa karatasi toka shimo mpaka mpaka wa nchi. Mwaka uleule Marekani ilitunga sheria ya kuuliza makampuni yake juu ya madini ya Kongo, na dhahabu iko ndani. Sisi huku tulisikia zaidi ile amri ya Septemba 2010, yenye ilifunga mashimo ya Kivu mbili na Maniema mpaka Machi 2011. Watu walilala njaa. Kwa hiyo neno « kanuni » likitajwa, wengi wanasikia njaa.

Tunawaelewa. Kanuni zenye ziliandikwa mbali ziliangalia dhahabu yenye inasafiri kwa ndege. Hazikumwangalia mama mwenye pete moja. Lakini ndani yake kuna maswali yenye hata mama sokoni anaweza kuuliza: ilitoka wapi, iko na uzito gani, ubora gani, nani ataitika kama mlisema uongo? Maswali haya hayataki ndege. Yanataka mizani na daftari. Na ndugu zetu Wakristo wanajua sura ya 11 ya Methali inaanza na mizani, na ndugu Waislamu wanajua kuna sura nzima inayowaonya wenye kupunja vipimo. Hatukuleta kitu kigeni.

Sasa tuje kwenye pesa. Mkopo wa sanduku ulinunua mizani na jiwe lake, jiwe jeusi, chupa za asidi, glavu, kisanduku cha kioo na madaftari. Vyote ni vya chama, haviko vya mtu mmoja. Tunatumia kwa zamu na vinalala kwa mweka hazina. Sonara mmoja peke yake asingeweza kununua vile. Sita pamoja tumeweza, na huu njo msaada wenyewe.

Lakini ukweli mwingine ni huu: tumechelewa kulipa. Tangu tuanze kuandika 14 kwenye pete ya 14, wateja wamepungua. Meza ya jirani pete inafanana, bei ni ileile, na wanaiita 18. Mteja anaenda kule. Mmoja wetu, kijana wa mwisho, alisema mbele yetu: « Tutakufa na ukweli wetu. » Hatukumkaripia. Ana watoto wanne na kodi ya nyumba.

Tunaleta maombi mawili. La kwanza, mtuongezee miezi minne ya kulipa mkopo, bila kutusamehe hata franka moja. La pili haligharimu kitu. Siku ya soko ijayo, kila mwanachama alete pete yake, hereni zake, mkufu wa bibi yake. Tutapima bure, mbele yake, na kumwandikia karatasi: uzito huu, ubora huu. Hata kama ilinunuliwa kwetu. Zaidi sana kama ilinunuliwa kwetu. Tukikuta tulikosea, tutaandika kwenye daftari na tutalipa pole pole. Watu wakijua wako na nini mkononi, wataanza kuuliza kila meza, na jirani naye atalazimika kupima. Vile njo yule kijana wetu atapata kula.

Yule binti wa pete tulimwomba ruhusa kabla ya kusimama hapa. Alisema tuseme yote, tusitaje jina lake. Kiisha akatuuliza kama mama yake mkwe anaweza kuleta bangili yake kupimwa. Tukamwambia awe wa kwanza kwenye mstari.

Maswali tuko tayari, na mizani iko pale juu ya meza. Anayetaka aanze leo.